Unabadilisha bafu? Namna ya kuchagua tailizi, jiwe na finishingi ya kabati, kwa sisi wa Kigoma

"Dada, hii itafaa bafuni?" Swali hili naulizwa dukani, naulizwa kwenye simu, nimeshaulizwa mpaka msibani, na mara nyingi anayeuliza ameshanunua. Nimeona niandike mara moja kwa kirefu ili nikiulizwa tena nitume hii. Kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za watu hapa mjini, Gungu, Mwanga, Katubuka, mpaka Ujiji, na bafu ndo chumba kinachokula hela za watu bure kuliko vyote kwasababu mtu anachagua kitu kikiwa kikavu, chini ya taa kali za duka, alafu kinaenda kuishi kwenye maji na sabuni na miguu yenye vumbi jekundu.

Mimi nilijifunza nyumbani kwangu. Bafu letu la kwanza niliweka tailizi nyeupe za kung'aa chini mpaka juu, zilikuwa nzuri kweli, wiki ya tatu mama mkwe akateleza akitoka kuoga akaumia kiuno, akakaa kitandani zaidi ya mwezi. Tailizi hazikuwa na ubaya wowote, zilikuwa za ukutani tu na mimi nikazilaza sakafuni, na muuzaji aliniona nazinunua akanyamaza. Ndo maana nikisimama dukani na mtu siku hizi neno la kwanza ninalosema ni moja tu, imwagie maji kwanza.

Kabla hujatoka nyumbani

Beba hivi vitu, usiende mikono mitupu:

- Futi kamba, na karatasi uliyochora bafu lako na vipimo vyake, mlango uko wapi, dirisha wapi, tundu la kutolea maji wapi.
- Chupa ndogo ya maji, kipande cha sabuni, ndimu moja na kitambaa. Usione aibu, utaona kazi yake mbele.
- Picha za bafu lako ulizopiga mchana na usiku taa ikiwa imewaka.
- Namba ya simu ya fundi, na awe fundi ambaye umeshaenda kuona bafu alilojenga likiwa na mwaka mmoja au zaidi. Bafu la wiki iliyopita kila fundi analo zuri.
- Bajeti ambayo sio ya tailizi peke yake. Andika na gundi, grauti (ile ya kujazia nafasi kati ya tailizi na tailizi), dawa ya kuzuia maji kupita, silikoni, bawaba, vanishi, usafiri wa kutoka dukani. Watu wengi wanamaliza hela kwenye tailizi alafu zinabandikwa kwa simenti na mchanga tu, hapo umeshapoteza.

Hatua kwa hatua

1. Pima, piga hesabu, ongeza. Tuchukue bafu la mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu ni 1.5 mara 2.4, unapata mita za mraba 3.6. Ukuta, jumlisha pande zote nne unapata mita 7.8, ukipandisha tailizi mpaka mita 2.1 inakuwa 16.4, toa mlango na dirisha dogo, inabaki kama 14.4. Sasa ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, na kama unataka zilale mshazari ongeza 15. Kwa hiyo ukuta utahitaji 15.84. Boksi la tailizi za sentimita 30 kwa 60 lenye vipande 8 linafunika mita za mraba 1.44, gawanya, utaona unahitaji maboksi 11. Sakafu ukiongeza hiyo asilimia 10 inakuwa 3.96, na boksi la 30 kwa 30 lenye vipande 16 nalo ni 1.44, basi maboksi 3. Lakini usiende na namba zangu, soma nje ya boksi lako maana idadi ya vipande inabadilika kiwanda kwa kiwanda.

2. Anza na sakafu. Usianze na ukuta hata kama ukuta ndo unaokuvutia. Sakafu ndo inayoamua usalama, na ukishaipata hiyo vingine vyote vinaifuata.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo, seramiki ya kawaida na posileni. Posileni imeshindiliwa na kuchomwa zaidi, inanyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, ni nzito na ngumu. Seramiki inanyonya zaidi. Kuzijua ni rahisi, igeuze, dondoshea tone la maji mgongoni, kama tone linapotea haraka hiyo ni seramiki, kama linakaa juu pale pale hiyo ni posileni. Na ile yenye mgongo mwekundu mwekundu, nyepesi, inayong'aa sana mbele, mara nyingi ni ya ukutani, usiikanyage.

Alafu utelezi. Tailizi zingine zina alama ya R kwenye boksi au kwenye karatasi zake, inaanzia R9 mpaka R13, kadri inavyopanda ndo inavyozidi kukamata mguu. Bafu la nyumbani tafuta R10, pale unaposimama kuoga R11 ni bora. Boksi nyingi madukani kwetu hazina hiyo alama, sasa hapo ndo chupa ya maji inaingia kazini: omba kipande, kiweke chini, kimwagie maji, kipake sabuni kidogo, vua kiatu, kanyaga usukume mguu mbele huku umeshika kaunta. Kama mguu unakimbia, rudisha. Mwenye duka akikukatalia kujaribu, tafuta duka lingine.

Ukubwa nao. Watu wanapenda 60 kwa 60 kwasababu sebuleni zinapendeza, lakini sakafu ya bafu lazima iwe na mteremko kwenda kwenye tundu, kama sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, na tailizi kubwa haipindi. Fundi atalazimika kuikata kata mishazari au ataiacha tambarare na maji yatasimama. Sehemu ya kuogea chukua 30 kwa 30 au ndogo zaidi, mistari ya grauti ikiwa mingi na yenyewe inasaidia kukamata mguu.

Usichukue inayokwaruza kama msasa ukidhani ndo salama zaidi, vumbi letu la Kigoma linaingia kwenye vile vishimo na halitoki, utasugua mpaka uchoke. Tafuta isiyong'aa, ukipitisha kiganja unahisi kama unapapasa ganda la yai.

3. Ukuta. Hapa uko huru zaidi, za kung'aa ruksa, seramiki ruksa, na ni nyepesi kwa fundi. Kitu kimoja cha kuangalia ni maji yako. Maji ya bomba ya mjini kwetu ni ya ziwani, na maji ya Tanganyika ni ya alkali kidogo na yana madini, magnesiamu hasa, yakikauka yanaacha madoa meupe. Tailizi nyeusi ya kung'aa inaonyesha kila tone. Nimeshaona bafu jeusi zuri sana la mteja mmoja, baada ya miezi miwili ukuta ulikuwa kama umemwagiwa maji ya chokaa, na yeye anasafisha kila siku. Chagua rangi ya katikati, krimu, kijivu cha mwanga, rangi ya mchanga wa ziwani. Kama lazima nyeusi, weka mstari mmoja juu ambako maji hayafiki.

4. Grauti iamue sasa hivi, usimwachie fundi. Fundi akiachiwa atapaka nyeupe, au atachanganya simenti nyeupe na maji tu ambayo baada ya muda inabomoka. Nunua grauti ya pakiti, rangi ya kijivu au kahawia ya mwanga. Nyeupe sakafuni hapa Kigoma itageuka rangi ya udongo kabla mvua za masika hazijaisha, nakuhakikishia. Nafasi kati ya tailizi na tailizi iwe milimita 2 mpaka 3, mpe fundi ile misalaba ya plastiki, asikadirie kwa jicho, na akikwambia atazibananisha ziguse kabisa ili zipendeze mkatalie, zinahitaji nafasi ya kutanuka.

5. Jiwe la juu ya kabati. Hapa ndo ndimu inafanya kazi. Marumaru ya asili ni jiwe lenye kalsiamu kaboneti, asidi inalila. Omba kipande cha mabaki dukani, usijaribu kwenye jiwe la kuuza, kamulia ndimu, subiri dakika 5, futa. Kama limeacha doa lililofifia ni marumaru au ndugu yake, na hilo litaumizwa na siki, na ndimu, na zaidi ya vyote na asidi ya kuoshea choo ambayo nyumba nyingi hapa ipo. Sisemi usiweke, ni zuri mno, nasema ujue unaishi na nani.

Graniti haiogopi ndimu, inaogopa kunyonya mafuta. Jaribu na maji, mwagia kidogo, subiri dakika 10, kama pale palipolowa pamekuwa peusi zaidi basi linanyonya na lazima lipakwe dawa ya kuziba kabla ya kutumika, na kurudiwa kila ukiona maji yameacha kusimama juu kama matone. Sisi watu wa mawese hili tulizingatie, mtu anatoka jikoni na mikono ya mafuta anakuja kunawa bafuni, na doa la mawese kwenye jiwe lisilozibwa halitoki.

Na kuna teraso, ambayo watu wanaidharau bure. Vipande vya mawe ndani ya simenti, inasagwa kwa mashine mpaka inalainika, inamwagwa hapo hapo kwa hiyo unaweza kufanya kaunta na sakafu bila maungio mengi. Ukipata fundi anayeijua kweli na ukaiziba vizuri, mi naipenda kuliko graniti ya bei ya chini. Ila ina simenti ndani, nayo haitaki asidi.

6. Mbao ya kabati. Emudiefu (MDF, bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) usiweke bafuni kama maji yanarukaruka, hata ikiwa imepakwa vizuri, ikipata mchubuko mmoja tu pembeni inanyonya na kuvimba kama mkate kwenye chai. Bodi za aina hiyo zinakuja na karatasi nzuri ya kung'aa juu, usidanganyike na uso, angalia kingo.

Tuna bahati huku, mninga ni mti wa ukanda wetu, hausinyai sana ukikauka vizuri na wadudu hawaupendi. Mkurungu ni mzito na mzuri pia. Nunua kwenye stoo inayokupa risiti na mbao zake zina vibali vya misitu, mbao ya usiku ya bei ya chini inaweza kukamatwa mlangoni kwako na hela imeenda. Na hakikisha imekauka, mbao mbichi ni nzito isivyo kawaida, ukiigusa shavuni inakuwa baridi, ukiikata unga wake unashikana. Mbao mbichi itapinda ikiwa tayari ni mlango na hapo hakuna fundi wa kuinyoosha.

Paina nayo inawezekana kama bajeti ni ndogo, ila iwe imewekwa dawa na uipake rangi, sio vanishi. Mninga usiupake rangi nyeupe, ni kuuharibu.

7. Finishingi ya kabati. Nakaa hapa kidogo kwasababu hapa ndo mafundi wengi wanawaangusha watu.

Polishi ya spiriti, ile inayopakwa kwa kitambaa, inatoa mng'ao mzuri sana siku ya kwanza, kwa kitanda sawa, kwa meza ya sebuleni sawa, bafuni hapana. Maji yakikaa juu yake inageuka nyeupe. Vanishi za kawaida za ndani zinastahimili kidogo. Unachotaka ni vanishi ya PU (poliyurethani), ile ngumu ya kuzuia maji, au rangi ya mafuta juu ya praima, yaani rangi ya kwanza ya chini. Mng'ao wa wastani ndo mzuri, wa kung'aa kabisa unaonyesha alama za vidole na matone.

Mfuatane hivi na fundi wako: msasa namba 120, alafu 180, alafu 240, futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, sila (ile ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi), msasa mwepesi, vanishi mkono wa kwanza, ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo sio muda wa fundi kunywa chai, msasa 320 kidogo, mkono wa pili, wa tatu.

Na hili lisome mara mbili: vanishi ipakwe pande zote. Mgongo, chini, ndani, kingo za juu za mlango, na hasa lile tundu lililotobolewa kupitisha bomba la sinki. Mafundi wanapaka panapoonekana tu, na maji yanaingia pasipoonekana. Mi huwa napitisha kidole chini ya mlango wa kabati kabla sijalipa, kama ni mbao tupu silipi.

Kabati lisikanyage sakafu, lipe miguu ya sentimita 10 mpaka 15 au litundikwe ukutani, upitishe fagio na kitambaa chini yake. Bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au shaba, nenda na sumaku, za bei rahisi zilizopakwa rangi ya fedha sumaku inazivuta kwa nguvu.

8. Viweke pamoja nyumbani, siku mbili. Omba au nunua kipande kimoja cha kila kitu, tailizi ya sakafu, ya ukuta, kipande cha jiwe, kibao kilichopakwa vanishi yako kabisa. Vipange bafuni kwako. Vitazame asubuhi, vitazame usiku, vimwagie maji vitazame tena. Taa nyeupe ya LED inafanya krimu ionekane kijivu na taa ya njano inafanya kijivu kionekane kichafu, na mninga mwekundu karibu na tailizi ya pinki ni ugomvi ambao dukani hukuuona. Hatua hii watu wanairuka kuliko zote na haina gharama.

9. Nunua vyote siku moja. Tailizi nyingi za hapa nchini zinatengenezwa Pwani, Mkuranga na Chalinze, mpaka zifike Kigoma zimesafiri zaidi ya kilomita 1,000, na mzigo ukifika wanunuzi ni sisi na wa ng'ambo ya ziwa pia, kwa hiyo ukirudi wiki ijayo kutafuta boksi moja lililopungua utakuta limeisha au limekuja la mzigo mwingine. Jina ni lile lile, rangi sio ile. Kwenye boksi kuna namba ya mzigo na ya rangi, zote zilingane kwenye maboksi yako yote. Fungua kila boksi pale pale, safari ni ndefu na kona zinavunjika, usipokee boksi kwa kulitikisa tu. Chukua vipande viwili uviweke uso kwa uso, vikicheza katikati vimepinda.

10. Kabla fundi hajabandika. Mambo manne. Sakafu na ukuta wa kuogea vipakwe dawa ya kuzuia maji, ikikauka ziba tundu, jaza maji kidogo yakae saa 24, angalia kama yamepungua. Pili, mteremko upimwe kwa pima maji wewe ukiwepo. Tatu, posileni ibandikwe kwa gundi ya tailizi, maana hainyonyi na simenti na mchanga haviishiki vizuri. Seramiki ikibandikwa kwa simenti iloweshwe kwanza mpaka iache kutoa mapovu. Nne, gundi isambazwe kwa mwiko wa meno mgongo mzima, sio mafungu matano kama maandazi, hewa ikibaki chini tailizi inapasuka na maji yanakaa humo.

Mambo yakiharibika

*Tailizi inalia kama ngoma ukiigonga.* Chini kuna hewa. Ikiwa moja au mbili na hazichezi, ziangalie tu. Zikiwa sehemu ya kuogea zing'olewe zirudiwe, grauti mpya juu haisaidii.

*Sakafu imeshabandikwa na inateleza.* Sehemu ya kuogea weka mkeka wa mpira wenye vifyonzio leo leo, hasa kama kuna mzee au mtoto. Kuna dawa za kupaka zinazopunguza utelezi, jaribu pembeni kwanza. La kudumu ni kubadilisha zile mita moja au mbili za pale unaposimama, sio lazima bafu zima.

*Unga mweupe unatoka kwenye grauti.* Ni chumvi za simenti zinaletwa na maji. Futa kwa brashi kavu na tafuta maji yanapotokea, ukisafisha tu bila kuziba chanzo utarudi wiki ijayo.

*Madoa meupe ya maji ukutani.* Kwenye tailizi siki iliyochanganywa na maji inatoa, usuuze haraka isikae kwenye grauti. Kwenye marumaru na teraso usithubutu. Na tafadhali sana, asidi ya choo au siki usichanganye na jiki, unatoka moshi wa klorini unaoumiza mapafu, na bafu zetu ni ndogo na dirisha dogo.

*Marumaru imefifia pale palipodondoka asidi.* Hilo sio doa, jiwe limeliwa, kusugua kwa sabuni hakusaidii. Linatengenezwa kwa kusagwa na kung'arishwa upya na fundi wa mawe.

*Mlango wa kabati unakwama masika na kiangazi unafunga vizuri.* Kingo hazikupakwa. Subiri kiangazi, uvue, upige randa kidogo, upake vanishi kingo zote mikono mitatu, urudishe.

*Vanishi imekuwa nyeupe au inabanduka.* Ilipakwa juu ya vumbi au unyevu, au ni ile polishi ya spiriti. Usipake juu yake. Ondoa yote kwa msasa mpaka mbao, anza hatua ya 7 upya.

*Silikoni ya pembeni ya sinki imeota ukungu mweusi.* Haisafishiki ikishaingia ndani. Kata yote kwa kisu, kausha siku nzima, weka mpya iliyoandikwa kuwa ya bafuni, na acha dirisha wazi baada ya kuoga.

*Tailizi moja imepasuka baada ya miaka na madukani hamna tena.* Ndo maana mwisho wa kazi huwa nambakishia mteja vipande 5 au 6 vya kila aina, navifunga kwenye boksi chini ya kitanda, na namba ya mzigo pamoja na jina la grauti na vanishi naziandika kwa kalamu ya mkaa ndani ya mlango wa kabati.